Mbwa mdogo ndani ya gari: tumfunge vipi ili sote tufike salama?

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunasafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa kwa gari la mradi. Mfanyakazi mwenzetu alikuwa amehamishwa kituo. Pamoja na magodoro, masufuria na maboksi ya vitabu, alikuwa na mbwa wake mdogo wa kilo tano hivi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumfunga. Mama mwenye mbwa alikaa kiti cha mbele akampakata kama mtu anavyompakata mtoto, na mbwa alilala kwa utulivu kwa zaidi ya saa mbili.

Tulipokuwa tumeshapita Mikumi, mbuzi wawili walikatiza barabara ghafla. Dereva alikanyaga breki. Mbwa alirushwa kutoka mapajani, akagonga dashibodi, akaangukia miguuni mwa dereva na kujibanza nyuma ya pedali ya breki. Dereva alipotaka kukanyaga tena, pedali haikushuka. Gari liliacha lami likaishia kwenye mtaro.

Tunamshukuru Mungu kwamba mwendo ulikuwa umeshapungua. Gari liliharibika kidogo tu. Aliyeumia ni mwenzetu aliyenyoosha mkono kumtoa mbwa chini ya pedali: mbwa alikuwa na hofu, akamng'ata kidole. Tulipoulizia cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, hakikuwepo. Mwenzetu alianza kuchomwa sindano siku hiyo hiyo, na mbwa akawekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Katika siku hizo alikwenda hospitali mara tatu, na kila safari ilikuwa na nauli yake na saa za kazi zilizopotea. Mbwa hakuugua, lakini kwa familia ile siku 10 zilikuwa ndefu sana.

Sanduku la mbao na kamba fupi vingetosha kuzuia yote hayo. Tangu siku hiyo tumebadilisha utaratibu wetu, na katika makala haya tunaeleza tulichojifunza. Tunawafikiria zaidi wasomaji wanaosafirisha mbwa wadogo, yaani wa chini ya kilo 10 hivi: mbwa wa nyumbani anayehama na familia, mbwa anayepelekwa kwa daktari wa mifugo au kwenye kituo cha chanjo, na mtoto wa mbwa anayechukuliwa kwenda kulinda mji mpya.

Je, mbwa mdogo anaweza kuleta hatari gani?

Watu wengi hudhani kwamba mbwa mkubwa ndiye wa kufungwa, na mdogo anaweza kushikwa kwa mikono. Tufanye hesabu kidogo. Katika maeneo ya makazi hapa Tanzania mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 katika kila sekunde moja. Likigonga kitu na kusimama ghafla, chochote ambacho hakikufungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka kizuiwe na kitu kingine: kiti, kioo cha mbele au kisogo cha mtu.

Kwa mbwa, pigo la namna hiyo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani juu ya jengo la ghorofa. Mbwa wa kilo tano akizuiwa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, nguvu inayotakiwa kumzuia ni sawa na uzito wa kilo 70 hivi, uzito wa mtu mzima. Hakuna mikono inayoweza kumshika, hata kama mwenye mbwa ana nguvu na anampenda sana. Na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa pigo huwa kubwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Hatari nyingine ni hizi:

• Mbwa aliye huru humsumbua dereva. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva akigeuka kwa sekunde mbili tu kumtazama mbwa, gari limeshakwenda mita 44 bila macho yake kuwa barabarani.

• Mbwa aliyepakatwa kiti cha mbele yuko kati ya mtu na mfuko wa hewa. Mfuko huo hufunguka kwa nguvu kubwa sana wakati wa ajali, na unaweza kumuua mbwa na kumuumiza vibaya anayempakata.

• Mlango ukifunguliwa njiani, mbwa huruka nje. Yuko mahali asipopafahamu, magari yanapita, na mara nyingi hagongwi yeye peke yake: dereva mwingine hujaribu kumkwepa, naye akapata ajali.

• Baada ya ajali, mbwa mwenye hofu au maumivu anaweza kuwang'ata wale wanaokuja kutoa msaada, hata kama siku zote ni mpole.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili katika taratibu zao za barabarani. Kwa mfano, kanuni ya 57 ya mwongozo wa barabarani wa Uingereza inawataka madereva kuhakikisha kwamba mbwa na wanyama wengine ndani ya gari wamezuiwa ipasavyo, wasimsumbue dereva wala kumuumiza mtu gari linaposimama ghafla. Lakini hatuhitaji kusubiri sheria ili kufanya jambo la busara.

Njia tatu za kumzuia

1. Sanduku, kizimba au tenga. Kwa mbwa mdogo hii ndiyo njia tunayoipendelea. Mbwa huwa na mahali pake, haoni mambo mengi ya kumtisha, na akitapika au kukojoa, uchafu hubaki humo. Mahali pazuri zaidi pa kuweka sanduku dogo ni sakafuni, nyuma ya kiti cha mbele, ambapo limebanwa na viti pande zote mbili. Kama halienei hapo, liweke juu ya kiti cha nyuma na ulifunge kwa mkanda wa kiti.

2. Mkanda wa kifua uliounganishwa na mkanda wa kiti. Huu humzunguka mbwa kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, na kamba fupi huunganishwa mgongoni. Mbwa hukaa kiti cha nyuma. Anaweza kukaa na kulala, lakini hawezi kufika ukingo wa kiti wala kuruka mbele.

3. Wavu au chuma cha kutenganisha sehemu ya nyuma. Katika magari ambayo sehemu ya mizigo imeungana na ya abiria, baadhi ya watu huweka kizuizi. Njia hii humzuia mbwa asije mbele, lakini haimzuii kurushwa huko nyuma aliko. Kwa mbwa mdogo haitoshi peke yake. Tumia sanduku pia, na ulifunge lisihame.

Njia yoyote utakayochagua, kumbuka jambo moja: usimfunge mbwa kwa kamba ya shingoni ndani ya gari. Gari likisimama ghafla, uzito wote wa mwili wake huja shingoni, naye anaweza kuvunjika shingo au kunyongwa. Kamba ya shingoni ni ya kumwongoza anapotembea kwa miguu.

Jinsi ya kutengeneza sanduku la safari

Masanduku ya plastiki ya kusafirishia mbwa yanapatikana katika maduka ya mijini, lakini kwa wengi wetu bei yake ni kubwa. Fundi seremala wa kawaida anaweza kutengeneza la mbao kwa nusu siku.

Pima mbwa akiwa amesimama. Urefu wa sanduku uwe kuanzia puani mpaka mwanzo wa mkia, na uongeze upana wa kiganja kimoja. Kimo kiwe kuanzia sakafuni mpaka juu ya kichwa, na uongeze vidole vinne. Upana umwezeshe kugeuka. Usitengeneze sanduku kubwa kupita kiasi ukidhani unamfanyia wema: katika sanduku kubwa mbwa hurushwa huku na huku kila gari linapokata kona. Kwa mtoto wa mbwa anayekua, tengeneza sanduku la ukubwa atakaoufikia, kisha weka kipande cha mbao cha kugawa nafasi, ukisogeze kadiri anavyokua.

Mambo ya kuzingatia:

• Toboa matundu ya hewa pande zote nne, sehemu ya juu. Matundu yawe mengi na madogo, ili mbwa asipitishe mguu wala taya likanasa.

• Piga msasa ndani yote. Misumari isichomoze hata kidogo.

• Mlango uwe na komeo mbili, juu na chini. Mbwa mwenye hofu husukuma kwa kichwa, na komeo moja hulegea.

• Weka vishikio imara vya mbao au chuma pande mbili, vya kupitishia mkanda wa kiti.

• Chini weka kipande cha mpira au gunia lililokunjwa ili asiteleze, na juu yake nguo kuukuu ambayo mbwa ameizoea.

Ukishalifunga sanduku ndani ya gari, lishike kwa mikono miwili na ulivute kwa nguvu mbele, nyuma na pembeni. Likihama zaidi ya upana wa vidole viwili au vitatu, funga upya.

Je, tenga la mianzi linafaa? Linafaa kwa mtoto wa mbwa na kwa safari fupi, kwa sababu hupitisha hewa vizuri na ni rahisi kulipata. Lakini si imara. Ukilikaza kwa mkanda wa kiti, linaweza kubonyea na kumbana mbwa wakati gari linasimama ghafla. Kwa hiyo weka tenga sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, ukijaza nafasi iliyobaki kwa blanketi. Funga mdomo wa tenga kwa kamba iliyosukwa kama wavu, si kwa kitambaa kinachozuia hewa. Boksi la karatasi halifai: likilowa mkojo hupasuka, na mbwa hutoka.

Jinsi ya kutengeneza mkanda wa kifua

Fundi viatu anaweza kuushona kwa muda mfupi. Mpelekee utepe mpana wa sentimita tatu hadi nne. Mikanda ya zamani ya viti vya magari, inayopatikana kwa wauza vipuri vilivyotumika, ni mizuri kwa kuwa haikatiki kwa urahisi. Chagua isiyochanika wala kufifia kwa jua. Kamba nyembamba haifai, kwa sababu hukata ngozi.

Mkanda una vitanzi viwili. Cha kwanza hupita mbele ya kifua, chini ya koo. Cha pili huzunguka kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Vitanzi huunganishwa kwa utepe mmoja chini ya kifua na mwingine mgongoni. Hapo mgongoni hushonewa pete ya chuma. Fundi ashone kila kiungo mara kadhaa kwa uzi mzito wa nailoni. Bakuli za plastiki na vifungo vya mabegi ya shule visitumike, kwani hupasuka. Tumia bakuli za chuma.

Mvalishe mbwa, kisha upitishe vidole viwili kati ya mkanda na mwili. Vikipita vizuri bila kulegea, kipimo ni sahihi. Kamba ya kuunganisha pete na mkanda wa kiti iwe fupi, sentimita 30 hadi 45 kwa kutegemea ukubwa wa mbwa. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kamba ndefu. Kamba ya mita moja humruhusu mbwa kuruka mpaka kati ya viti vya mbele, na hapo haina faida.

Lazima tuwe wakweli kuhusu mkanda huu. Mwaka 2013 shirika la Marekani liitwalo Center for Pet Safety lilijaribu mikanda ya mbwa iliyokuwa ikiuzwa madukani kwa kutumia mbwa bandia, kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa hivi. Mingi haikufanya vizuri, ingawa ilitangazwa kuwa ni ya usalama. Kama hata ya dukani inaweza kushindwa, hatuwezi kuahidi kwamba ya fundi wa mtaani itastahimili ajali kubwa. Lakini itamzuia mbwa asimfikie dereva, asiruke nje mlango ukifunguliwa, na asirushwe mbele kila breki inapokanyagwa. Hayo peke yake yangetuepusha na mtaro ule. Kwa ulinzi zaidi, tumia sanduku imara sakafuni.

Mbwa azoee kabla ya safari

Mbwa ambaye hajawahi kufungiwa atabweka, atakwaruza na kutapika. Mwenye mbwa humwonea huruma, humtoa, na kazi yote hupotea. Kwa hiyo anza angalau wiki moja kabla ya safari.

Siku ya kwanza na ya pili, weka sanduku nyumbani mlango ukiwa wazi, na umwekee chakula humo. Usimsukume, mwache aingie mwenyewe. Siku ya tatu, funga mlango kwa dakika chache wakati anakula, kisha mfungulie kabla hajaanza kulia. Siku ya nne, mweke na sanduku lake ndani ya gari lililosimama. Siku ya tano, washa injini. Siku ya sita, mzungushe mtaani kwa dakika 10. Kila mara mpe kipande kidogo cha chakula anapotulia. Kwa mkanda wa kifua fuata hatua hizo hizo: avae kwanza nyumbani, baadaye ndani ya gari.

Kama huna gari mpaka siku yenyewe ya safari, fanya hatua za nyumbani. Hizo pekee husaidia sana.

Siku ya safari

Mpe mbwa chakula kidogo saa tatu au nne kabla ya kuondoka, ili asitapike. Maji mpe kama kawaida. Mtembeze ajisaidie. Usimpe dawa za binadamu za kuzuia kichefuchefu, usingizi au maumivu: baadhi ya dawa ambazo kwetu ni za kawaida ni sumu kwa mbwa. Kama anaugua sana safarini, muulize daktari wa mifugo mapema.

Chagueni mtu mmoja wa kumwangalia mbwa, naye asiwe dereva. Watoto waelezwe kabla ya kuondoka kwamba hawatafungua sanduku wala kulegeza mkanda, hata mbwa akilia. Vioo vifunguliwe kidogo tu. Mbwa asitoe kichwa nje, kwa sababu vumbi na kokoto huumiza macho, na tawi au gari linalopita linaweza kumgonga.

Simameni kila baada ya saa mbili, mahali salama mbali na barabara. Mfungeni mbwa kamba ya kutembezea kabla ya kufungua mlango wa gari, na mtu aishike mkononi. Mbwa wengi hupotea katika sekunde hizo chache za kufungua mlango. Katika barabara zinazokatiza hifadhi, kama ile ya Mikumi, msisimame kumshusha mbwa. Mpeni nafasi kabla ya kuingia au baada ya kutoka.

Joto huua haraka

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na ndani ya gari lenye joto kuhema hakumsaidii. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu za Selsiasi, ndani ya gari lililofungwa joto hufika nyuzi 34 hivi kwa dakika 10, na nyuzi 43 hivi kwa nusu saa. Siku ya joto la nyuzi 32, hali ambayo Dar es Salaam na Morogoro ni ya kawaida, ndani ya gari hufika 43 kwa dakika 10 tu. Kufungua kioo kidogo hakupunguzi hatari hii kwa kiasi cha kutosha.

Kwa hiyo usimwache mbwa ndani ya gari lililoegeshwa, hata kama unaingia dukani kununua maji. Mbwa aliyefungwa ndani ya sanduku hawezi hata kusogea kivulini, na sisi tuliomfunga ndio wenye wajibu. Ukiona anahema kwa kasi, anatoa mate mazito, ulimi umekuwa mwekundu sana au anayumba, mtoe mara moja, mweke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwilini, mpepee, na umpe maji kidogo kidogo. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata kama anaonekana kupata nafuu.

Kwa wasio na gari lao

Wasomaji wengi husafiri kwa basi au hupewa nafasi kwenye pikapu. Katika pikapu, mbwa asifungwe nyuma kwa kamba ya shingoni. Akiruka pembeni, hubaki akining'inia. Mweke ndani ya sanduku, na sanduku lifungwe kwa kamba kwenye ukuta wa mbele wa bodi, lifunikwe turubai juu ili apate kivuli, pembeni pabaki wazi.

Katika basi, ongea na kondakta kabla ya siku ya safari, usimshtukize kituoni. Mbwa asiwekwe ndani ya kiroba kilichofungwa mdomo, wala kwenye buti la chini ambako hakuna hewa ya kutosha na mizigo humwangukia. Kumbuka pia kwamba abiria wengine hawapendi kuguswa na mbwa, na kwa wengi hilo ni suala la imani yao, hasa kuhusu mate yake. Sanduku lililofungwa vizuri, lenye nguo ya kunyonya unyevu ndani, ni heshima kwa jirani yako wa kiti. Kama basi halikubali, usilazimishe.

Chanjo na kibali

Kamba na sanduku havitoshi bila chanjo. Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa, asilimia 99, huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Mtoto wa mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kwa ratiba atakayoitoa daktari wa mifugo. Beba cheti chake safarini, kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi za gari. Kabla ya kuhamisha mbwa kwenda wilaya au mkoa mwingine, ulizia ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe kama kibali kinahitajika.

Ajali ikitokea

Kwanza okoeni watu. Mbwa aliye ndani ya sanduku lisilovunjika aachwe humo humo, yuko salama kuliko nje. Mbwa aliyeumia asishikwe kwa mikono mitupu. Mtupieni blanketi au khanga, mfunikeni, kisha mwinueni akiwa amefunikwa. Msimfunge mdomo kama anahema kwa shida au anatapika.

Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona kama mbwa ataugua. Mbwa naye azuiliwe na kuangaliwa kwa siku 10, asiuawe wala kuachwa apotee, kwa sababu afya yake katika siku hizo huwasaidia madaktari kuamua.

Siku hizi gari letu la mradi lina sanduku moja la mbao, na yeyote anayehitaji huliazima. Liligharimu kidogo kuliko nauli za hospitali za mwenzetu. Dereva wetu sasa haondoki mpaka alivute kwa mikono miwili na kuona kwamba halihami. Yule mbwa mdogo bado yuko Iringa. Amechanjwa, na kila anapokwenda kwa daktari wa mifugo husafiri humo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Katika eneo letu, watu husafirishaje mbwa na wanyama wengine wadogo? Ni hatari zipi tumeziona?

• Ni vifaa gani vinavyopatikana hapa kwetu vya kutengenezea sanduku au mkanda wa kifua? Ni fundi gani anaweza kutusaidia?

• Je, tunaweza kutengeneza sanduku moja la kuazimana, hasa kwa siku ya chanjo ya mbwa? Nani atalitunza na kulisafisha?

• Mbwa wangapi katika mtaa wetu wamechanjwa, na vyeti vyao viko wapi?